Kebo ya Shilingi 400 au ya 4,000? Soma Hii Kabla Hujaweka PIN

Mwezi uliopita tulikuwa Voi kuzungumza na wateja wetu wenye biashara ndogo ndogo. Tulijiandaa kwa maswali ya kila siku: ada za kutoa pesa, PIN iliyosahaulika, pesa zilizoenda kwa namba isiyo sahihi. Lakini swali lililochukua muda mrefu zaidi lilitoka kwa kijana mmoja wa mtaa wa Sofia aliyekuja na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na waya wa rangi tatu na kisanduku kidogo cheusi.

"Nimelipa mara tatu," alituambia, "na TV bado inasema No Signal. Naweza kurudishiwa pesa zangu?"

Hatutataja jina lake, lakini alituruhusu tusimulie kisa chake. Tunakisimulia kwa sababu hakuna hata kosa moja alilofanya ambalo wewe au sisi hatungeweza kulifanya.

Mkopo wa chama, mashine ya mtumba

Mamake kijana huyu anauza mboga sokoni Voi. Alimkopea shilingi 15,000 kutoka chama chake ili kijana aongezee akiba yake na anunue PlayStation 4 ya mtumba kutoka Mombasa. Mpango ulikuwa rahisi: kibanda, viti viwili, na vijana wa mtaa wanalipa kwa kila mechi. Mchezo wenyewe ni ule ambao wengi bado tunauita FIFA, ingawa tangu 2023 unauzwa kwa jina la EA Sports FC. Mkopo ungelipwa kidogo kidogo kila Jumapili.

TV ilikuwepo tayari nyumbani, ile ya zamani yenye kisogo. Mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogi, familia nyingi hazikununua TV mpya. Zilinunua king'amuzi, zikakichomeka kwenye TV ile ile, na maisha yakaendelea. TV ya mamake kijana ni mojawapo.

PS4 ilifika Voi na matatu ya asubuhi. Nyuma yake ina tundu moja tu la picha, HDMI. Nyuma ya TV kulikuwa na matundu ya duara: njano, nyeupe na nyekundu. Kijana akaenda dukani.

Malipo ya kwanza yalikuwa shilingi 450, kwa waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili. Haukufanya kazi. Malipo ya pili yalikuwa shilingi 1,200, baada ya kuambiwa kwamba ule wa kwanza ni feki na kinachohitajika ni konvata. Nayo haikufanya kazi. Malipo ya tatu yalikuwa shilingi 2,800, kwa mtu aliyempata mtandaoni aliyemhakikishia kwamba ana "kebo maalum ya PS4 kwa TV za zamani". Pesa alizituma kwa namba ya mtu binafsi. Kifurushi hakikufika, na simu ikaacha kushikwa.

Jumla ni shilingi 4,450, wikendi mbili za biashara zimepita bure, na Jumapili ya chama inabisha hodi.

Anza nyuma ya TV

Wengi wetu tukitaka kununua kebo huuliza, "Kebo nzuri ni ipi?" Swali linalookoa pesa ni jingine: "TV yangu ina matundu gani?" Kebo haiwezi kuipa TV kitu ambacho TV haina.

Chukua simu, washa tochi, uangalie nyuma na ubavuni mwa TV. Huenda ukaona mojawapo ya haya:

*HDMI.* Tundu jembamba, pana juu na linalopungua chini, kwa kawaida limeandikwa HDMI 1, HDMI 2. Mfumo huu ulianza 2002, na hubeba picha na sauti kwa waya mmoja.

*AV.* Matundu matatu ya duara. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kwenye baadhi ya TV bapa matundu haya yamefanywa kitundu kimoja kidogo kama cha earphone, na unahitaji waya wake maalum uliokuja na TV.

*VGA.* Lile la matundu madogo 15, kwenye skrini nyingi za kompyuta. Hubeba picha peke yake, bila sauti.

Sasa, mbona waya wa shilingi 450 ulikataa? HDMI hupeleka picha kwa mfumo wa dijitali, na AV huipokea kwa mfumo wa analogi. Chukua mzee wa Wundanyi anayejua Kidawida tu, umkalishe na mzee wa Taveta anayejua Kitaveta tu. Hata ukiwawekea viti karibu vipi, wanachohitaji ni mkalimani. Waya wa HDMI kwenda rangi tatu usio na kisanduku katikati hauna mkalimani. PS4 haitoi picha ya analogi, kwa hivyo waya ule usingefanya kazi kwake hata ungekuwa wa dhahabu.

Mkalimani ni konvata. Na hapa ndipo malipo ya pili yalipopotelea. Konvata ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Moja imeandikwa HDMI2AV: inapokea HDMI na kutoa AV. Nyingine imeandikwa AV2HDMI: inapokea AV na kutoa HDMI. Kijana aliuziwa AV2HDMI, ambayo ni ya mtu mwenye mashine ya zamani na TV mpya. Yeye alikuwa na mashine mpya na TV ya zamani.

Aliyeligundua hilo ni fundi mmoja mzee wa redio karibu na stendi ya magari. Alikivaa miwani, akasoma maandishi madogo juu ya kisanduku, akacheka kidogo. "Mwanangu, hii ni njia ya kuja. Wewe wataka njia ya kwenda."

Kumbuka pia kwamba konvata huhitaji umeme wake. Huja na waya mdogo wa USB unaochomekwa kwenye chaja ya simu au kwenye mashine yenyewe. Wengi huuacha ndani ya boksi kisha wanarudisha konvata dukani wakisema imekufa.

Mashine yako ni ya mwaka gani?

Ukishajua matundu ya TV, angalia mashine.

PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, haina HDMI. Hutumia AV, kwa hivyo TV ya kisogo ndiyo rafiki yake. Ukiwa na TV mpya isiyo na AV, wewe ndiye unayehitaji AV2HDMI.

PlayStation 3, ya 2006, ina vyote viwili: HDMI, na tundu la AV linalokubali waya ule ule wa PS2. Kwa mtu mwenye TV ya zamani, hii haihitaji konvata yoyote.

Xbox 360 za mwanzo, za 2005, hazikuwa na HDMI. Zilizofuata ziliwekewa. Ukinunua ya mtumba, igeuze uone kabla ya kulipa.

PlayStation 4 na Xbox One, zote za 2013, hutoa picha kwa HDMI tu. PS4 ya kawaida na ile Slim huishia kwenye ubora wa 1080p. PS4 Pro ya 2016 ndiyo hufika 4K.

Nintendo Switch, ya 2017, huunganishwa na TV kupitia kitako chake chenye HDMI. Switch Lite haiunganishwi na TV kabisa. Usikubali mtu akuuzie kebo ya kuiunganishia.

PlayStation 5, ya 2020, hutoa hadi 4K kwa picha 120 kila sekunde, na kebo inayoweza kubeba mzigo huo imo ndani ya boksi lake. Ukinunua mpya, huhitaji kebo nyingine. Ukinunua ya mtumba, uliza ile kebo ya awali iko wapi.

Maneno ya kwenye pakiti

Dukani utaona pakiti zimeandikwa 4K, 8K, 2.1, Gold, Gaming. Mengi ya hayo ni matangazo, na sisi tuliosomea kuuza vitu tunakwambia hivyo bila aibu. Majina rasmi ya kutazama ni matatu:

*High Speed.* Inatosha kwa 1080p, na hufika hadi 4K ya picha 30 kwa sekunde. Kwa PS3, PS4 ya kawaida, Xbox 360, Switch na king'amuzi, hii inatosha kabisa.

*Premium High Speed.* Hubeba gigabiti 18 kwa sekunde, yaani 4K ya picha 60 kwa sekunde. Ni ya PS4 Pro na TV ya 4K.

*Ultra High Speed.* Hubeba gigabiti 48 kwa sekunde. Ni ya PS5 au Xbox Series X, na hapo pia iwe TV yako inaweza kuonyesha 4K kwa picha 120. Kebo ya daraja hili hutakiwa kuwa na lebo rasmi kwenye pakiti, yenye alama ya kuskani kwa simu kupitia programu ya kuthibitisha kebo za HDMI. Kama pakiti imeandikwa "8K 2.1" kwa maandishi makubwa lakini lebo hiyo haipo, huna sababu ya kulipa bei ya Ultra.

Linganisha na TV yako. TV nyingi za inchi 32 hazifiki hata 1080p, na nyingi za inchi 43 za bei ya kawaida huishia hapo. Ukiiwekea kebo ya 8K, picha itabaki ile ile. Kwa dijitali hakuna "picha nzuri kidogo zaidi": kebo ikibeba mzigo wake, picha hufika nzima. Ikishindwa, utaona vidoti vyeupe, picha inakatika, au skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde kisha inarudi. Dhahabu kwenye kichwa cha kebo husaidia kuzuia kutu, haiongezi rangi kwenye jezi ya mchezaji.

Kwa maneno mengine, mtu mwenye PS4 na TV ya inchi 32 anayelipa shilingi 4,000 kwa kebo ananunua maneno ya pakiti.

Urefu na vumbi letu

Kwa sebule ya kawaida mita 1.5 au 2 zinatosha. Kadiri kebo inavyorefuka, ndivyo ishara inavyochoka, hasa kwenye 4K. Ukitaka mita 10 au zaidi kwa ajili ya projekta ya ukumbi, ulizia kebo yenye kikuza ishara ndani yake. Hizo zina upande wa mashine na upande wa TV, na zimeandikwa. Ukizigeuza hazifanyi kazi.

Halafu kuna vumbi. Anayeishi Voi analijua lile vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sukari. Ndani ya tundu la HDMI mna pini 19 nyembamba sana. Lifunike tundu lisilotumika, na usilazimishe kichwa cha kebo kikikataa kuingia. Kwenye kibanda cha PS, ambapo watoto huvuta waya kutwa nzima, funga kebo kwenye mguu wa meza ili mvuto uishie pale. Kebo ya shilingi 400 hubadilishwa kwa dakika moja, lakini tundu la mashine likivunjika, unahitaji fundi wa kulehemu.

Kabla ya kulaumu kebo

Ukiona No Signal, fanya haya kwanza. Hayana gharama.

1. Hakikisha remoti imechagua HDMI ile ile uliyochomeka. Kosa hili ni la kawaida kuliko unavyodhani.
2. Jaribu kebo ya king'amuzi chako. Ikifanya kazi, umeokoa pesa.
3. Hamisha kebo kwenye tundu la pili la TV.
4. Angalia pini kwa tochi, za TV na za mashine.
5. Kwa PS4 au PS5, zima mashine kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 hivi. Unganisha kidhibiti cha mkononi kwa waya wa USB, halafu chagua kubadilisha ubora wa picha. Mashine ya mtumba mara nyingi hubaki na mpangilio wa TV ya mwenyewe wa zamani.

Sasa twende kwenye kulipa

Tumrudie kijana na swali lake: naweza kurudishiwa pesa?

Jibu letu halikumfurahisha. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya aliyekosea namba. Haikuwekwa kuamua kama bidhaa ni nzuri au mbovu, na hata kwa aliyekosea namba, mpokeaji akiwa ameshatoa pesa, kuzipata ni kazi. Shilingi 2,800 za mtandaoni tulimsaidia kuziripoti, akaenda pia polisi na ujumbe wa muamala. Hatukumwahidi zaidi ya hapo.

Lakini zile 1,200 za konvata zilikuwa na hadithi tofauti. Alikuwa amelipa kwa till ya duka. Ujumbe ulikuwa bado kwenye simu: jina la duka, kiasi, tarehe na saa. Alirudi dukani na kisanduku, boksi lake na ujumbe ule. Mwenye duka alisoma, akakagua, akambadilishia kwa HDMI2AV bila kelele.

Tofauti ya malipo hayo mawili ndiyo somo lenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujumbe wa muamala ni daftari. Lifanye likufae:

*Soma jina kabla ya PIN.* Duka linaitwa hivi, simu inaonyesha jina la mtu usiyemjua? Simama, uliza.

*Lipa kwa till au namba ya biashara.* Muuzaji akisema "till yangu imeharibika, nitumie kwa hii namba", una haki ya kwenda duka la pili.

*Omba risiti inayotaja bidhaa.* Ujumbe wa simu husema umelipa nani na kiasi gani, lakini hausemi umenunua nini. Risiti iandikwe "konvata HDMI kwenda AV", sio "waya" tu.

*Ulizia kujaribu kabla ya kulipa.* Maduka mengi yana TV ya kujaribia. Beba mashine, au angalau piga picha nyuma ya TV yako na nyuma ya mashine. Picha hizo mbili zina faida kuliko maelezo ya nusu saa.

*Mzigo ukitoka mbali, lipa ukiupokea.* Kwa anayeagiza kutoka Mombasa au Nairobi, kubaliana na muuzaji kwamba utalipa ofisi ya vifurushi baada ya kufungua. Akikataa, mpe kazi mtu wako aliye huko aende dukani.

*Ukinunua ng'ambo ya mpaka, fikiria njia ya kurudi.* Wateja wetu wa Taveta huvuka hadi Holili na Himo. HDMI ni ile ile kila nchi, hilo halina shida. Shida ni kurudisha kebo mbovu ya shilingi 400 kwa nauli ya kwenda na kurudi.

Na ukiwa umeuziwa kitu kisichofanya kazi uliyoambiwa, usione haya kurudi. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa taarifa za kumwezesha kufaidika nazo. Nenda kwa adabu, lakini nenda, ujumbe mkononi.

Kibanda kimefunguliwa

Tulipompigia simu wiki iliyofuata, tulisikia kelele za bao kabla hajasema hello. Konvata ilikuwa inafanya kazi. Alilalamika kwamba maandishi ya mchezo ni madogo na hayasomeki vizuri kwenye TV ya kisogo, na hilo konvata haiwezi kulitibu. Anaweka akiba ya TV bapa ya mtumba, inchi 32, yenye HDMI mbili.

"Na kebo yake?" tulimuuliza.

"Ya shilingi 400," alisema. "Na nitailipia kwa till."

Jumapili ile alipeleka pesa ya chama. Haikuwa kamili, alisema, lakini mamake aliipokea.